Leza na maumivu ya viungo: dozi itajwe kabla ya matokeo

Mwaka 2017, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya mgongo wa chini, na katika orodha ya tiba zisizotumia dawa kwa maumivu sugu kikaiweka leza ya nguvu ndogo, yaani mwale wa mwanga unaoelekezwa kwenye ngozi juu ya sehemu inayouma, huku kikikiri kwamba ushahidi wake ni wa ubora wa chini. Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, iliwaelekeza watoa huduma wasiwape leza wagonjwa wenye viungo vilivyosagika, kwa kuwa ushahidi wa manufaa hautoshi. Anayefuatilia majaribio yenyewe lazima ashangae kidogo. Mgongo ni sehemu ambayo ushahidi wa leza ni mwembamba, na goti ni mojawapo ya sehemu chache ambazo ushahidi huo una uzito wa kujadilika. Waliokuwa na sababu ya kusita walikubali, na waliokuwa na sababu ya kusikiliza walikataa.

Sidhani kwamba upande wowote kati ya hizo mbili ulifanya uzembe. Kila mmoja ulitumia kizingiti chake, na kizingiti cha kuorodhesha tiba isiyo na madhara makubwa si sawa na kizingiti cha kuigharimia kwa fedha za umma. Hata hivyo, tiba ambayo imejaribiwa kwa miongo kadhaa, kwa majaribio yanayohesabika kwa mamia, haikupaswa kuwa bado inategemea nani ameshika mizani siku hiyo. Kasoro iko ndani ya majaribio, na kwa maoni yangu iko mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Kwanza ni muhimu kuelewa kinachotolewa kwa mgonjwa. Neno leza linatumika kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mwale hutambulika kwa urefu wa wimbi lake, nguvu yake, ukubwa wa doa unaloangaza, na muda unaokaa mahali pamoja. Mashine ya miliwati 100 ikishikiliwa juu ya ngozi kwa sekunde 40 hutoa jouli 4 za nishati, na ikishikiliwa kwa sekunde 10 hutoa jouli 1. Mgonjwa hawezi kuhisi tofauti kati ya hizo mbili, kwa sababu mwale wa infraredi hauonekani kwa macho na kwa nguvu hiyo hauchomi. Wakati mwingine mtaalamu wa tiba ya viungo naye hajui tofauti, ikiwa anafuata kitufe kilichoandikwa “goti” au “bega” kwenye mashine bila kuuliza kinachotoka. Tufikirie majaribio ya kidonge cha kutuliza maumivu ambamo mtafiti mmoja anatoa kidonge kizima, wa pili anatoa robo, wa tatu anatoa vidonge sita kwa siku tatu tu, kisha wote wanaandika kwamba walitoa dawa na matokeo yao yanajumlishwa pamoja. Ndivyo sehemu kubwa ya fasihi ya leza ilivyojengwa.

Historia yake inaeleza kwa kiasi hali hiyo. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, iliyotengenezwa kwa fuwele ya yakuti, mwaka 1960 huko California. Miaka saba baadaye Endre Mester, daktari wa upasuaji huko Budapest, alikuwa akiwamulika panya walionyolewa manyoya ili aone mwale huo ungefanya nini kuhusiana na saratani. Mashine yake ilikuwa dhaifu, na saratani haikutokea, lakini aliona kwamba manyoya yalirudi haraka zaidi pale palipomulikwa. Kwa hiyo tiba hii ilizaliwa na jambo ambalo halikutafutwa, kabla ya nadharia ya kulieleza kuwapo, na nadharia ikafuata nyuma kwa mwendo wa pole. Siku hizi maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba mwanga mwekundu na wa infraredi hufyonzwa na kimeng'enya kilichomo katika mitokondria, saitokromu c oksidesi, na kwamba hilo hubadilisha uzalishaji wa nishati ya seli na kutoa oksidi ya nitriki. Wapo pia wanaoeleza kwamba dozi kubwa hupunguza kasi ya neva zinazobeba taarifa za maumivu.

Maelezo hayo yana msingi, lakini yasitulaze. Mwaka 2006 watafiti wa Norway walichapisha jaribio dogo mno la wagonjwa 7 wenye uvimbe wa kano ya kisigino katika miguu yote miwili. Waliingiza mrija mwembamba kando ya kano na kupima prostaglandini E2, kemikali inayoambatana na uvimbe, kabla na baada ya mwale wenye urefu wa wimbi wa nanometa 904. Ilishuka kwa kulinganisha na mwale bandia. Ni kazi nzuri, ya mikono makini, na inaonyesha kwamba mwanga unaweza kufika mahali na kufanya jambo. Hata hivyo, kemikali kushuka katika kano saba hakumwambii mtu mwenye kisigino kinachouma kama baada ya miezi mitatu atatembea vizuri zaidi kuliko mwenzake aliyefanya mazoezi peke yake. Kati ya seli na mgonjwa kuna safari ndefu, na tiba nyingi zimefia njiani.

Tuje kwenye majaribio ya wagonjwa. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya kimfumo ya Roberta Chow na wenzake kuhusu leza na maumivu ya shingo. Yalikusanya majaribio 16 yaliyogawa wagonjwa kwa nasibu, yenye jumla ya watu 820. Katika majaribio yaliyopima maumivu kwa mstari wa milimita 100, ambapo mgonjwa huweka alama kati ya “hakuna maumivu” na “maumivu makali kupita yote”, leza iliyapunguza kwa milimita 19.86 zaidi ya mwale bandia, na nafuu ilidumu hadi wiki 22 katika tafiti zilizofuatilia. Kwa maumivu sugu, majaribio matano yalionyesha kwamba waliopewa leza walikuwa na uwezekano wa mara 4.05 wa kuripoti nafuu. Nakiri kwamba takwimu hiyo ya mwisho hunipa mashaka zaidi ya faraja. Katika tiba ya maumivu sugu, ambako dawa zinazokubalika huwashinda wenzao wa bandia kwa tofauti ndogo, tiba inayozidisha nafuu mara nne ingepaswa kuonekana bila kuhitaji takwimu.

Miaka kumi baadaye, 2019, Martin Stausholm na wenzake wa Bergen, Norway, walichapisha mapitio ya goti katika BMJ Open: majaribio 22, watu 1,063. Mwisho wa tiba, maumivu yalipungua kwa milimita 14.23 zaidi ya bandia. Walipoyatenga majaribio yaliyotumia dozi iliyopendekezwa, tofauti ilipanda hadi milimita 18.71. Dozi inayozungumzwa hapo ni ile ya chama cha kimataifa cha tiba ya leza, WALT, katika jedwali lake la mwaka 2010: kwa goti, angalau jouli 4 kwa kila nukta kwa miale ya nanometa 780 hadi 860, au angalau jouli 1 kwa miale ya nanometa 904.

Kwingineko picha ni hafifu zaidi. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia ushahidi wa tiba, kuhusu mgongo wa chini yalikuta majaribio saba yasiyofanana na yakahitimisha kwamba hakuna data ya kutosha kuamua upande wowote. Mwaka 2005 Cochrane hao hao walikuta nafuu ya muda mfupi kwa wagonjwa wa baridi yabisi, ikiwemo kupungua kwa ukakamavu wa asubuhi kwa takriban dakika 27, katika majaribio matano yenye watu 222. Kwa neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, mapitio ya 2017 yalikusanya majaribio 22 na washiriki 1,153, na yakasema ushahidi ni wa ubora wa chini sana.

Ukiziangalia takwimu hizo kwa mara ya pili utaona jambo ambalo hujificha nyuma ya jumla kubwa. Watu 820 kwa majaribio 16 ni wastani wa watu 51 kwa jaribio. Watu 1,063 kwa majaribio 22 ni 48. Watu 1,153 kwa majaribio 22 ni 52. Shingo, goti na kifundo cha mkono, katika vipindi tofauti na kwa watafiti tofauti, vyote vinazunguka watu hamsini, yaani ishirini na tano kila upande. Ni kama kuna mkataba usioandikwa kwamba jaribio la leza lina ukubwa huo, na ukubwa huo ndio unaolingana na kliniki moja, mashine moja na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili.

Hesabu ya ukubwa huo inafaa kufanywa hadharani, kwa sababu ndiyo kiini cha mgogoro wote. Tuchukulie kwamba alama za maumivu za wagonjwa zinatawanyika kwa mchepuko sanifu wa milimita 25, kiwango cha kawaida katika tafiti za aina hii. Jaribio lenye watu 25 kila upande lina nafasi nzuri, asilimia 80, ya kuinasa tofauti ya kweli ikiwa tu tofauti hiyo ni takriban milimita 20. Ikiwa leza kwa kweli inapunguza maumivu kwa milimita 10 zaidi ya bandia, jaribio hilo litaiona mara tatu tu kati ya kumi. Mara saba zilizobaki litaandika kwamba hakuna tofauti ya kitakwimu, na msomaji asiye makini atasoma kwamba leza haifanyi kazi. Baya zaidi ni hizo mara tatu zinazofanikiwa. Ili matokeo yavuke mstari wa kitakwimu, tofauti iliyopimwa lazima ifike karibu milimita 14, na hivyo kila jaribio lililofaulu litakuwa limekuza ukweli kwa bahati. Kama majaribio yaliyofaulu huchapishwa kwa urahisi zaidi kuliko yaliyoshindwa, mapitio yatakusanya sauti zilizokuzwa na kuziita wastani.

Kwa hiyo fasihi iliyogawanyika nusu kwa nusu haishangazi hata kidogo. Steve Tumilty na wenzake walipokusanya majaribio 25 ya leza kwa magonjwa ya kano, mwaka 2010, walikuta 12 yenye matokeo mazuri na 13 yasiyoonyesha kitu au yasiyoeleweka. Mgawanyiko wa namna hiyo unaweza kutokea ikiwa leza ina faida ya wastani na majaribio ni madogo. Unaweza pia kutokea ikiwa haina faida yoyote lakini majaribio yaliyoshindwa yamebaki kwenye makabati. Ukiwa umeshika orodha ya majaribio 25 madogo huna njia ya uhakika ya kutofautisha hali hizo mbili, na kuongeza jaribio la ishirini na sita lenye watu hamsini hakutakusogeza popote.

Hapo ndipo hoja ya dozi huingia, na hapo ndipo natofautiana na watetezi wa leza kuliko na wapinzani wake. Watetezi husema kwamba majaribio yaliyoshindwa yalitumia dozi ndogo mno, au kubwa mno, kwani mwanga una tabia ya kuchochea kwa kiasi cha kati na kuzuia kwa kiasi kikubwa. Kwa kibiolojia hoja hiyo ina mashiko. Katika maabara, seli zilizomulikwa kupita kiasi huonyesha matokeo madogo kuliko zilizomulikwa kwa kiasi. Katika mapitio ya maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yaliyochapishwa mwaka 2008, Jan Bjordal na wenzake waligundua kwamba mwale wa nanometa 904, na labda wa nanometa 632, ukielekezwa moja kwa moja kwenye kano ndio ulioleta nafuu. Tumilty naye aliona kwamba dozi za majaribio yaliyofaulu zinakaribiana na dozi zinazopendekezwa.

Tatizo ni chanzo cha mapendekezo yenyewe. Jedwali la dozi halikutoka katika majaribio ya kutafuta dozi yaliyopangwa kwa ngazi, kama ifanyikavyo kwa dawa mpya. Kwa sehemu kubwa limetokana na kuyapanga upya majaribio yaliyokwisha kufanyika na kuangalia yaliyofaulu yalitumia jouli ngapi. Ukitumia jedwali hilo kuyahukumu majaribio yale yale, au ndugu zao wa karibu, ni lazima upate jibu zuri. Ni sawa na mwalimu anayetunga majibu sahihi baada ya kusoma karatasi za wanafunzi. Mapitio ya goti ya 2019 yanastahili heshima kidogo zaidi, kwa sababu jedwali lilikuwa limechapishwa miaka tisa kabla na mgawanyo wa dozi ulielezwa mapema. Hata hivyo, miongoni mwa majaribio 22 yaliyopimwa yamo yaliyotangulia jedwali, na duru ya watafiti ni ndogo: Bjordal, ambaye jina lake limo katika mapitio ya shingo ya 2009, ya kiwiko ya 2008 na ya goti ya 2019, ni mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa zaidi ya kuijenga hoja ya dozi. Simtuhumu kwa lolote. Uwanja mdogo huwa na watu wachache. Nasema tu kwamba ushahidi unaozunguka ndani ya duru moja huhitaji kuthibitishwa na mtu aliye nje yake.

Dozi ikitajwa kabla ya jaribio huwa ni sehemu ya dhana inayopimwa. Ikitajwa baada ya jaribio kushindwa huwa ni kichaka cha kujificha. Kwa mfumo huo wa pili hakuna matokeo yoyote duniani yanayoweza kuiangusha leza, kwa maana kila kushindwa kutakuwa na sekunde zilizopungua au nanometa zilizozidi.

Wapinzani nao wana kichaka chao, nacho ni kipimo cha nafuu yenye maana kwa mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwauliza wagonjwa wa goti ni punguzo gani la maumivu wanaloliona kuwa la maana, na jibu likawa milimita 19.9 kwenye ule mstari wa 100. Tangu hapo takwimu hiyo hutumika kama rungu: leza imetoa 14, haijafika 20, basi itupwe. Matumizi hayo yana kosa. Milimita 19.9 ni badiliko la mgonjwa mmoja tangu alipoanza hadi alipomaliza, ilhali milimita 14 ni tofauti ya wastani kati ya makundi mawili ambayo yote yalipata nafuu fulani. Mgonjwa wa kundi la leza anaweza kuwa ameshuka milimita 30 huku wa kundi la bandia akishuka 16. Tukiitumia rungu hiyo kwa haki, dawa nyingi za maumivu zilizomo katika miongozo zingepigwa nayo pia. Swali sahihi zaidi ni watu wangapi zaidi, katika kila mia, walivuka mstari wa nafuu yenye maana kwa sababu ya mwale, na ni majaribio machache ya leza yanayoripoti hivyo.

Kundi la bandia lenyewe linahitaji kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyika. Maumivu ya mgongo, shingo na magoti hupanda na kushuka, na mtu huenda kutibiwa yakiwa yamepanda. Mara nyingi yangeshuka hata kama angebaki nyumbani. Juu ya hapo kuna nguvu ya kuguswa, kusikilizwa na kuwekewa kifaa kinachotoa mlio na taa. Asiyeamini ukubwa wa nguvu hiyo akumbuke jaribio la Moseley na wenzake lililochapishwa mwaka 2002, ambamo watu 180 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa kati ya upasuaji halisi wa kusafisha goti kwa kamera na upasuaji bandia wa kukatwa ngozi tu. Makundi yote yalisema yana nafuu, na ya halisi hayakuishinda ya bandia. Ikiwa mkato wa ngozi unaweza kufanya hivyo, mashine yenye jina la leza, neno ambalo tayari limebeba haiba ya sayansi, ina uwezo mkubwa wa kutibu hata ikiwa imezimwa.

Kwa bahati nzuri leza ya nguvu ndogo ni rahisi kuitengenezea bandia kuliko tiba nyingi za viungo. Vichwa viwili vinavyofanana huandikwa A na B, vyote vikiwa na taa nyekundu ya kuelekezea, kimoja kikitoa infraredi na kingine kikiwa kimya, na hata mtaalamu anayekishika asijue ni kipi. Masaji haiwezi kufanyiwa hivyo, wala mazoezi. Inasikitisha, kwa hiyo, kwamba faida hii inaanza kupotea. Mtindo wa sasa ni leza za nguvu kubwa, za daraja la 4, zinazozidi miliwati 500 na mara nyingi kufikia wati kadhaa, nazo hupasha ngozi joto. Mgonjwa anayehisi joto anajua yuko kundi gani, na asiyehisi anajua pia. Jaribio la leza ya aina hiyo lisilomuuliza mshiriki mwishoni adhani alipewa nini, na lisilo na kundi linalopewa joto la kawaida tu, linaweza kuwa linapima faida ya kupashwa moto, ambayo haikuhitaji leza.

Kuna pia jambo la mashine yenyewe. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibati si lazima iwe nguvu inayotoka. Chanzo cha mwale huchakaa, kioo huchafuka, na mashine ya miliwati 100 inaweza kutoa pungufu sana baada ya miaka ya kutumika. Kifaa cha kupimia nguvu kipo na ni kidogo, lakini ripoti nyingi hazisemi kama kilitumika kabla, katikati au baada ya jaribio. Vivyo hivyo kuhusu ngozi: melanini hufyonza mwanga, zaidi mwekundu kuliko infraredi, na mafuta na misuli iliyo juu ya kiungo hupunguza kinachofika chini. Jouli 4 juu ya kidole chembamba na jouli 4 juu ya nyonga si dozi moja kwa kiungo kinachouma. Mjadala wote wa dozi unafanyika kwa jouli zinazotoka kwenye mashine, si kwa zinazofika.

Ulinganisho mmoja unasaidia kuonyesha kwamba si mwanga ndio ulioshindwa. Wagonjwa wa saratani wanaopata vidonda vya kinywa kutokana na tiba zao wamefanyiwa majaribio ya mwanga huo huo, na miongozo ya kimataifa ya huduma hiyo inaupendekeza kwa kuzuia vidonda hivyo katika makundi fulani ya wagonjwa, pamoja na viwango vya mwale vilivyotajwa waziwazi. Sababu za kufaulu huko zinaeleweka: kidonda kiko juu, kinaonekana, kinapimwa na mtu mwingine asiye mgonjwa, na dozi haihitaji kupenya chochote. Maumivu ya viungo yana kinyume cha yote hayo.

Wakati sayansi ikisuasua, biashara haikusubiri. Tangu mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imeruhusu mashine za aina hii kuuzwa kwa ajili ya maumivu, na tangazo baada ya tangazo hulitaja neno hilo la ruhusa kana kwamba ni cheti cha kuponya. Njia iliyotumika kwa nyingi kati ya mashine hizo ni ile inayomtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine ambacho tayari kiko sokoni, na kundi ambamo nyingi zimewekwa ni la taa za infraredi za kupashia joto. Kufanana na taa ya joto ni jambo la kweli na la halali, lakini si jambo ambalo mgonjwa hulielewa anaposoma kwamba mashine “imeidhinishwa”.

Pamoja na ukali wote huu, sioni kwamba leza inastahili kuachwa. Majaribio hayajaripoti madhara makubwa, na tahadhari kuu ni ya macho, ambayo miwani maalumu huishughulikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.71 wanaishi na matatizo ya misuli, mifupa na viungo, na wengi wao wanatulizwa kwa dawa za kupunguza uvimbe ambazo zikimezwa kwa muda mrefu huumiza tumbo, figo na moyo. Tiba salama inayopunguza maumivu kwa milimita 10 tu ingekuwa na nafasi yake kwa mzee asiyeweza kumeza dawa hizo. Ndiyo sababu inakera kwamba hatujui kama milimita hizo 10 zipo.

Kuzitafuta hakuhitaji muujiza. Kwa mtawanyiko ule ule wa milimita 25, jaribio linalotaka kuiona tofauti ya milimita 10 kwa uhakika wa asilimia 90 linahitaji watu wapatao 130 kila upande, tuseme 300 ukihesabu watakaoacha njiani. Hao ni wagonjwa wachache kuliko wa majaribio saba ya kawaida ya leza. Lingefaa kuanza na goti, ambako dalili ni bora na mazoezi yanaweza kutolewa kwa makundi yote, na lifanyike katika kliniki kadhaa chini ya watafiti wasio na historia ya kuitetea wala kuipinga leza. Urefu wa wimbi, jouli kwa kila nukta na idadi ya vikao viandikwe katika rejista ya majaribio kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, na chini ya maandishi hayo watetezi wa dozi watie sahihi kwamba hiyo ndiyo dozi wanayoiamini. Nguvu ya kila mashine ipimwe kila wiki na vipimo vichapishwe. Kipimo kikuu kiwe maumivu na uwezo wa kutembea miezi mitatu baada ya kikao cha mwisho, si siku ya kikao cha mwisho, wakati mgonjwa bado anamshukuru aliyemhudumia.

Matokeo yakija mazuri, NICE watakuwa na sababu ya kulifungua upya faili la goti. Yakija mabaya, sahihi zile zitakuwa zimekwisha kukauka, na atakayetaka kusema kwamba jouli zilikuwa chache atalazimika kwanza kueleza kwa nini aliziridhia.